Kabla hujamwandikisha mwanao karate, mjue Jigoro Kano

Mpwa wangu ana miaka 14. Mwezi uliopita alipokonywa simu kichochoroni akitoka masomo ya jioni, na aliyempokonya alimsukuma ukutani kwanza. Simu yenyewe ilikuwa ya mamake. Hakuumia sana, Alhamdulillahi, ni mkwaruzo wa kiwiko tu. Lakini tangu siku hiyo ana neno moja: ataka kujifunza kupigana. Kakake amwambia karate. Jirani asema taekwondo, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na nyumbani. Kijana mmoja wa maskani amemwambia ndondi, mengine yote ni sinema. Mamake, ambaye ni dadangu, hataki hata moja katika hizo, na kwa kuwa mjomba ni mimi, kesi imeletwa kwangu.

Kesi hii sikuipokea kwa moyo mweupe. Nilipokuwa na umri wa mpwa wangu nilijiunga na darasa la kung fu uani kwa mtu, juu ya saruji. Tulikuwa tumelewa sinema za wakati ule, kila mmoja akipiga kelele kama paka. Wiki ya tatu nilikatwa miguu, nikaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Mwalimu alisema maumivu ndiyo somo. Niliungwa na mzee mmoja wa mtaani aliyejua mifupa, kwa vibanzi na mafuta, na hadi leo upepo wa kusi ukianza kuvuma mkono huu hunijulisha mapema kuliko redio. Sikurudi tena.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma habari za Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha judo, na nikagundua kwamba somo nililolikosa uani kwa yule bwana lilikuwa limeshaandaliwa na mtu huyu tangu karne ya kumi na tisa. Ndiyo maana nilipoletewa kesi ya mpwa wangu, sikuanza kwa kulinganisha karate na taekwondo. Nilimkalisha nikamhadithia Kano. Wengi wanaomtaja humtaja kama bingwa na mwasisi. Mimi humpenda zaidi kama mwanafunzi, maana yeye naye alianza akiwa mtoto mdogo wa mwili, aliyechoka kuonewa, asiyejua aende kwa nani.

Alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, mji wa pwani ambao leo umemezwa na jiji la Kobe. Ukoo wao ulikuwa wa watengenezaji wa pombe ya mchele, matajiri wa kutosha. Mamake alifariki Kano akiwa na umri wa kama miaka tisa, kisha babake, Jirosaku, akamhamishia Tokyo akasome. Japani ya wakati huo ilikuwa imepinduka juu chini. Utawala wa shogun ulianguka mwaka 1868, na mwaka 1876 samurai wakakatazwa kubeba panga zao. Kila kitu cha Ulaya kikawa kizuri, na kila cha wazee kikawa cha kizamani. Hali hiyo sisi watu wa pwani twaijua, hatuhitaji kuelezwa.

Kijana Kano alipelekwa shule ya bweni iliyofundishwa kwa Kiingereza na Kijerumani na walimu wa kigeni. Masomo aliyaweza sana. Kilichomshinda ni wenzake. Alikuwa mwembamba na mfupi (hata ukubwani hakufika mita 1.60), na wale wenye miili walimfanya mpira. Ndipo akasikia kwamba kuna ufundi wa zamani uitwao jujutsu, ambao kwao mtu mdogo aweza kumwangusha mkubwa. Akaanza kutafuta wa kumfundisha.

Hapa ndipo mpwa wangu alipoanza kusikiliza vizuri, kwa sababu Kano alikataliwa kama alivyokataliwa yeye. Nakai Baisei, aliyewahi kuwa mlinzi katika serikali ya shogun na aliyekuwa akija nyumbani kwao, alimsifia jujutsu lakini akasema wakati wake umepita. Mtunzaji wa nyumba ya babake, aliyekuwa akiujua ufundi huo, alimwona bado mdogo. Mgeni mwingine wa nyumbani naye akakataa. Babake mwenyewe hakuona faida yoyote: mtoto wa kisasa atahangaika na mieleka ya watu wa kale kwa ajili gani? Kijana hakugombana nao. Alingoja mpaka alipoingia chuo kikuu cha Tokyo, mwaka 1877, akaanza kutafuta kwa miguu yake.

Njia aliyoitumia yanifurahisha kila ninapoisoma. Alikwenda kuwatafuta waunga mifupa. Aliwaza kwamba walimu wengi wa jujutsu, baada ya kukosa wanafunzi, walikuwa wakipata riziki kwa kuunga mifupa na kukanda viungo, kwani mtu ajuaye kuteua kiungo ndiye ajuaye kukirudisha. Akawa akiona kibao cha muunga mifupa, aingia na kuuliza. Mmoja wao, Yagi Teinosuke, akamwelekeza kwa Fukuda Hachinosuke, ambaye alifundisha katika chumba kilichopakana na mahali alipotibia wagonjwa. Wajapani hupima vyumba kwa idadi ya mikeka, na chumba cha Fukuda kilikuwa cha mikeka kumi. Ni mikeka minene ya majani, si kama hii yetu ya ukili, lakini si saruji vilevile.

Fukuda alikuwa wa mtindo uitwao Tenjin Shin'yo. Ufundishaji wake ulikuwa wa kurusha kwanza, maelezo baadaye, na pengine maelezo yasije kabisa. Siku moja Kano alirushwa, akainuka akauliza mkono uliwekwa wapi na mguu ulikwenda vipi. Fukuda akamwita karibu, akamrusha tena. Akauliza tena, akarushwa tena. Mzee aliona kwamba jambo hili haliingii kwa masikio, huingia kwa mwili. Kano alirudi bwenini akiwa na michubuko mwili mzima, amejipaka marhamu iliyonuka hata wenzake wakamcheka.

Mtu aweza kusema: basi huyo Fukuda na yule mwalimu wako wa uani wana tofauti gani? Nimelifikiria sana swali hilo. Tofauti ni kwamba Fukuda alimwacha mwanafunzi ajaribu. Kila siku kulikuwa na mazoezi ya kushikana kwa hiari, ambayo Wajapani huyaita randori, ambapo mwenzako hajifanyi kuanguka, huangushwa kweli au haanguki. Pale mwanafunzi hujua bila kuambiwa kama alichofunzwa chafanya kazi. Uani kwetu tulipiga hewa kwa wiki tatu, kisha tukapigwa sisi.

Na Kano hakuacha kuuliza kwa sababu hakujibiwa. Palikuwa na mwanafunzi mwenzake, Fukushima Kanekichi, mtu wa mwili mkubwa, ambaye hakuweza kumwangusha hata afanye nini. Alijaribu mbinu za sumo alizoelekezwa na mtu aliyewahi kuicheza, zikashindwa. Akaenda maktaba, akafungua kitabu cha mieleka ya Kizungu, akapata namna ya kuingia chini ya mtu, kumbeba mabegani na kumtua upande wa pili. Alifanya mazoezi kimya kimya, kisha siku moja akambeba Fukushima. Mbinu hiyo iko katika judo mpaka leo, yaitwa kata guruma, na kila nikimwona mpagazi wa gunia pale sokoni naikumbuka. Kijana wa miaka kumi na kitu, mwenye hamu ya kumwangusha rafiki yake, alitwaa cha wageni akakitia katika cha wazee bila kuona aibu kwa upande wowote.

Agosti 1879 aliyekuwa rais wa Marekani, Ulysses Grant, alizuru Tokyo, na Fukuda na watu wake wakaalikwa kuonyesha jujutsu mbele yake. Kano alikuwa miongoni mwao. Siku chache baadaye Fukuda akafariki akiwa na miaka 52. Kano akahamia kwa Iso Masatomo wa mtindo ule ule, naye akafariki mwaka 1881. Mwalimu wa tatu akawa Iikubo Tsunetoshi, wa mtindo uitwao Kito, mzee wa zaidi ya miaka hamsini aliyekuwa bado akiwarusha vijana atakavyo.

Kwa Iikubo ndiko Kano alikopata siri iliyomfanya Kano. Kwa muda mrefu alikuwa akirushwa na mzee huyo bila jibu. Kisha siku moja mambo yakageuka: Kano akamrusha mwalimu, akamrusha tena, na mwalimu akashindwa kumwangusha. Iikubo alishangaa na kutaka kujua kilichotokea. Kano akamweleza kwamba alikuwa amechunguza jinsi mtu anavyosimama, akagundua kwamba mtu aliyesimama imara hata mtoto mdogo wa ngamia hamwangushi (mfano wa ngamia ni wangu), lakini kabla ya kila kurusha kuna kitambo kidogo ambapo uzito wa mwenzako waweza kuvutwa nje ya miguu yake. Ukimvuta naye akajitia kinyume, msukume kule kule alikojitia. Kisha ndipo umrushe, na wakati huo nguvu yahitajika kidogo tu.

Alikuwa na hesabu aliyopenda kuitumia akieleza jambo hili. Tuseme mwenzangu ana nguvu kumi na mimi nina saba. Akinisukuma nami nikamsukuma, nitashindwa, hapana hoja. Lakini akinisukuma nikarudi nyuma kwa kiasi kile kile huku nimemshika, yeye ataanguka mbele, na kwa kitambo hicho nguvu yake imebaki tatu ilhali mimi bado nina saba zangu. Mpwa wangu ameshaisukuma milango mingi nyumbani kwao ambayo mtu wa upande wa pili aliifungua ghafla. Nilipomtajia hiyo alielewa papo hapo.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21 na ameshaanza kufundisha katika shule ya Gakushuin, Kano alipanga nafasi katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, mikeka 12, wanafunzi tisa, akaiita Kodokan. Ufundi wake hakuuita tena jujutsu bali judo, kwa maana ya njia. Hakutoza ada. Gharama za nguo na chakula cha wanafunzi waliokaa naye alizibeba mwenyewe, akifanya kazi ya kutafsiri usiku ili kupata za ziada. Watu wa hekalu walilalamika kwa kishindo, maana kila mtu alipoangushwa nyumba ilitetemeka na vibao vya kumbukumbu za marehemu vikayumba. Mbao za sakafu zilivunjika mara kwa mara, na mwalimu, msomi wa chuo kikuu, alikuwa akiingia chini ya sakafu na taa kuzitengeneza.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, ingawa halipewi sana nafasi. Jujutsu aliyoirithi ilikuwa na kila kitu pamoja: kurusha, kukaba, kuvunja viungo, kupiga mahali pa kufisha. Kwa sababu hiyo haikuwezekana kuifanyia mazoezi kwa nguvu zote bila watu kulemaa. Kano aliketi akachambua. Yale ya hatari, pamoja na ngumi na mateke, akayaweka katika mazoezi ya kupangwa, ambapo kila mtu ajua mwenzake atafanya nini. Yale yaliyoweza kufanywa kwa nguvu kamili bila kuvunjana akayaacha kwa randori. Na kabla ya yote akaweka somo la kuanguka.

Kuanguka hufunzwa kama kuogelea. Kidevu huletwa kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mwili hukunjwa kama mpira ili uviringike badala ya kutua kama gunia. Mkono haunyooshwi kuzuia anguko, kosa nililolifanya mimi na likanigharimu kifundo. Badala yake mkono mzima, toka bega hadi kiganja, hupiga mkeka kwa pembeni wakati ule ule mgongo unapogusa, ili kishindo kigawanyike. Pumzi hutolewa. Anayeanza huanza akiwa amelala, kisha amechutama, kisha amesimama. Judo ya Kano ilitaka mtu asiogope sakafu kwanza, ndipo aanze kumwogopesha mwingine. Na hili lina faida hata kwa sisi tuliokwisha kuchoka, tunaoteleza bafuni na kwenye ngazi za nyumba za zamani.

Mwanafunzi wake mmoja wa mwanzo, Saigo Shiro, alikuwa mfupi kama yeye na akawa tishio la Tokyo nzima. Mwaka 1883 Saigo na mwenziwe Tomita Tsunejiro wakawa wa kwanza kupewa daraja iitwayo dan, na baadaye ukaja mkanda mweusi. Mpangilio huu wa madaraja na mikanda ni wa Kano. Mpwa wangu alimgeukia kakake kwa furaha nilipofika hapo, maana kakake ndiye mtu wa karate, na karate iliipata nguo nyeupe na mikanda kutoka kwa judo. Mwaka 1922 Funakoshi Gichin, mwalimu kutoka Okinawa, alipokwenda Tokyo kuonyesha karate, Kano alimwalika aionyeshe ndani ya Kodokan yenyewe. Hakuogopa kupokonywa wanafunzi. Vivyo hivyo, mwaka 1930 alimtazama Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, akavutiwa, akawatuma wanafunzi wake wakajifunze kwake. Na mmoja wa watu wa Kodokan, Maeda Mitsuyo, alifika Brazil mwaka 1914, akafundisha huko, na kutokana na mafunzo yake ukoo wa Gracie ukajenga jujitsu ya Kibrazili ambayo vijana wetu huitazama kwenye simu. Kwa hivyo wale wanaokaa barazani wakibishana ipi ni bora, mara nyingi wanabishana juu ya matawi ya mti mmoja.

Kuhusu wasichana, dadangu alikuwa na maswali yake, na ni ya haki: nani atamshika, amevaa nini, mbele ya nani. Kano naye alikutana na jamii yenye maswali hayo. Alianza kumfundisha mwanamke mwaka 1893, akaendelea kidogo kidogo, wakiwemo wa nyumbani kwake, na mwaka 1926 akaanzisha sehemu rasmi ya wanawake Kodokan, wakifanya mazoezi yao peke yao. Mwaka 1935 alimkaribisha msichana aitwaye Keiko Fukuda, mjukuu wa yule yule Fukuda Hachinosuke aliyemrusha ujanani. Alikuwa mdogo wa mwili, hakufika hata mita moja na nusu. Akawa mwalimu, akahamia San Francisco, akafundisha mpaka uzeeni kabisa. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 99. Kwa miaka mingi alizuiliwa katika dan ya tano kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kupita hapo, na hilo ni doa la Kodokan, si la kufunikwa. Lakini deni la chumba cha mikeka kumi Kano alilirudisha kwa mjukuu.

Suala la kuinama, ambalo wazazi wengi wa hapa huniuliza, mimi si shekhe wa kulitolea fatwa. Ninalojua ni kwamba Wajapani huinamiana hata dukani, ni salamu yao. Mzazi mwenye shaka amuulize mwalimu mapema kinachofanywa na mbele ya nini, kisha amuulize anayemwamini katika dini.

Kazi yake ya mchana ilikuwa ualimu, wala hakuwahi kuona judo ni kitu mbali na hiyo. Kwa zaidi ya miaka 20, kwa vipindi, alikuwa mkuu wa chuo cha juu cha walimu cha Tokyo. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 1912 akaongoza msafara wa kwanza wa Japani kwenda Stockholm, wanamichezo wawili tu. Alisafiri sana. Katika safari ya kwanza ya kurudi kutoka Ulaya, mwanzoni mwa 1891, melini palikuwa na Mrusi mwenye nguvu aliyetaka kupimana naye. Kano alimrusha, na akiwa hewani akamwekea mkono chini ya kichwa asiumie kwenye sitaha. Abiria walisifu zaidi ule mkono kuliko kule kurusha.

Simsafishi mzee huyu kwa kila jambo. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuhangaikia michezo ya Olimpiki ya 1940 ifanyike Tokyo, na huku nchi yake tangu 1937 ilikuwa vitani nchini China. Aliamini michezo ingeleta maelewano. Wapo wanaoona alikuwa mkweli, wapo wanaoona alifumba macho, nami husimama katikati yao bila raha. Machi 1938 alikuja mpaka bara letu, Cairo, kwenye mkutano wa kamati hiyo, akiwa na miaka 77, akatetea tena mji wake. Kutoka huko alizunguka dunia kurudi kwao, akapanda meli Hikawa Maru kutoka Vancouver. Alishikwa na homa ya mapafu, akafariki baharini tarehe 4 Mei 1938, siku mbili kabla ya kufika Yokohama. Miezi miwili baadaye Tokyo ikajitoa katika michezo ile. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo hiyo hiyo, naye mwenyewe wakati wa uhai wake hakuwa na hamu nayo sana, akichelea watu wasije wakakimbilia medali wakasahau kilichobaki. Meli yenyewe ipo hadi leo Yokohama, imegeuzwa makumbusho.

Basi nikamaliza hadithi, na mpwa wangu akauliza swali la maana kuliko yote: je, angejua judo siku ile, simu isingekwenda? Nikamwambia ingekwenda. Mwenye kisu au mwenzake aliye tayari juu ya pikipiki apewe simu, nawe uokoe roho, na mwalimu yeyote akikwambia vinginevyo mkimbie yeye kabla ya mwizi. Huenda ungeanguka vizuri zaidi pale ukutani, nikamwambia, na huenda usingeota ndoto usiku. Akanyamaza kidogo, akasema hata hivyo ataka.

Tukaenda kutazama mahali patatu, mimi, yeye na mamake, tukikaa pembeni somo zima bila kusema sisi ni nani. Pa kwanza mateke yalikuwa mazuri mno, lakini chini ni saruji, na mtoto mmoja aliyeuliza kitu aliambiwa apige push-up ishirini. Pa pili mwalimu alituonyesha vikombe vyake kwa nusu saa. Pa tatu ni karate, chumba kidogo juu ya duka, magodoro ya zamani yameshonwa pamoja, na saa ya wasichana hufundishwa na mwanamke aliyevaa mtandio. Msichana mkubwa alikuwa akimshika mdogo, na kila walipomaliza zamu yule mkubwa alimwonyesha alipokosea. Somo la kwanza la wageni lilikuwa kuanguka. Nilipomuuliza yule mwalimu kwa nini somo la kuanguka katika karate, alicheka akasema alivunjika bega utotoni.

Mpwa wangu ana wiki ya tatu sasa, na mifupa yote ni mizima. Hajapiga mtu. Jioni huanguka kwenye godoro la mamake, mbele, nyuma na pembeni, akihesabu kwa Kijapani, na dadangu amenipigia simu kulalamika kwamba chaga mbili za kitanda zimekatika.